Mtunzi Asiyemiliki Utungo Wake ni Kibarua: Somo Kutoka kwa Dolly Parton

Wahenga walinena kwamba mchumia juani hulia kivulini. Methali hii hufundishwa katika kila darasa nchini, na wanafunzi huiandika katika insha zao mwaka nenda mwaka rudi. Hata hivyo, ni nadra kumsikia mwalimu akiiongezea sharti lake: mchumaji hatakula kivulini iwapo alichokichuma kimeandikwa jina la mtu mwingine. Wangapi miongoni mwa watunzi wetu wamechuma juani, kisha kivuli na tunda vikachukuliwa na aliyekuwa na kalamu na mkataba?

Leo nataka kuwaomba walimu na wanafunzi tuyatazame maisha ya mwanamuziki mmoja wa Marekani, Dolly Parton, mwimbaji na mtunzi wa muziki wa kantri. Wasomaji wengi wanaijua sauti yake. Muziki huo una wapenzi chungu nzima hapa Kenya, na majina ya Jim Reeves na Kenny Rogers si mageni katika redio zetu wala katika sebule zetu. Hata tumemzaa msanii wetu wenyewe, Elvis Otieno, ajulikanaye kama Sir Elvis, ambaye huuimba muziki huo kana kwamba amezaliwa Tennessee. Hata hivyo, wengi wetu tumeisikia sauti ya Dolly Parton bila kuusikia mkasa wake, na katika mkasa huo mna mambo mawili ambayo shule zetu zinayahitaji mno: umiliki wa kazi ya akili, na kitabu mkononi mwa mtoto mdogo.

Dolly Rebecca Parton alizaliwa tarehe 19 Januari 1946 katika wilaya ya Sevier, jimbo la Tennessee, kwenye milima iitwayo Great Smoky. Alikuwa wa nne kati ya watoto 12. Nyumba yao ilikuwa kibanda cha chumba kimoja, na daktari aliyemzalisha mama yake alilipwa gunia la unga wa mahindi kwa kuwa fedha taslimu hazikuwapo. Msomaji wa Kenya hana haja ya kufafanuliwa maana ya malipo hayo. Wapo wazazi humu nchini ambao wamewahi kulipa karo kwa mahindi na maharagwe, nao wanajua uzito wa gunia lile.

Babake, Robert Lee Parton, alianza kwa kulima mashamba ya wenyewe kwa kugawana mavuno, kisha akapata shamba lake dogo la tumbaku. Alikuwa mtu mwerevu, mwenye hesabu za kilimo na biashara kichwani, lakini hakujua kusoma wala kuandika. Naomba msomaji alishike jambo hilo, kwani tutalirudia. Mamake, Avie Lee, alikuwa hazina ya nyimbo za kale za masimulizi, na ndimo binti yake alimojifunza kwamba wimbo waweza kubeba kisa kizima chenye mwanzo, kati na mwisho.

Alipokuwa na miaka minane, mjomba wake, Bill Owens, alimpa gita lake la kwanza la kweli. Alipotimiza miaka 10 alikuwa akiimba katika vipindi vya redio na televisheni mjini Knoxville. Mwaka 1959, akiwa na miaka 13, alitoa santuri yake ya kwanza na kupanda jukwaa la Grand Ole Opry jijini Nashville, jukwaa ambalo kwa waimbaji wa kantri ni kilele cha matamanio.

Hapa pana jambo ambalo ningependa wanafunzi walizingatie. Msichana aliyekwisha kusikika redioni akiwa na miaka 10, na kupanda jukwaa la Opry akiwa na miaka 13, hakuiacha shule. Alikaa darasani hadi alipohitimu masomo ya sekondari mwaka 1964. Mwenyewe amesimulia kwamba siku ya kuhitimu, wanafunzi walipotakiwa kutaja mipango yao, yeye alisema anakwenda Nashville kuwa nyota, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kesho yake alipanda basi kwenda Nashville. Ni wangapi wetu tulio walimu ambao tumewahi kuwa sehemu ya kicheko cha namna hiyo? Mtoto akisema atakuwa daktari, tunampigia makofi. Akisema atakuwa mtunzi wa nyimbo, tunamuuliza kazi yake itakuwa nini.

Mwaka 1967 alijiunga na kipindi cha televisheni cha Porter Wagoner, mwanamuziki aliyekuwa na jina kubwa. Mwanzoni watazamaji hawakumtaka. Walikuwa wamemzoea mwimbaji aliyemtangulia. Alivumilia, na katika miaka saba iliyofuata alijijenga. Katika kipindi hicho ndipo alipotunga nyimbo ambazo zingemweka katika historia.

Mojawapo ni "Coat of Many Colors", uliotolewa mwaka 1971. Wimbo huo unatokana na kisa cha kweli cha utotoni mwake. Mama yake alimshonea koti kwa vitambaa chakavu vya rangi mbalimbali, huku akimsimulia habari ya Yusufu wa Biblia na vazi lake. Mtoto alilivaa koti hilo kwa fahari hadi shuleni, na huko akachekwa kwa umaskini wake. Maneno ya wimbo huo aliyaandika safarini, ndani ya basi, juu ya risiti ya dobi kwa sababu hakuwa na karatasi nyingine. Mwaka 2011 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza rekodi hiyo katika orodha ya zile zinazohifadhiwa kuwa urithi wa taifa. Kicheko cha darasani kiligeuka urithi, lakini kwanza kilipitia kalamu. Lau asingekuwa na mazoea ya kuandika papo hapo, pengine wimbo ungepotelea njiani.

Na sasa tufike kwenye kiini cha makala haya. Mwaka 1974 Dolly aliondoka katika kipindi cha Wagoner ili ajitegemee. Kuaga hakukuwa rahisi, kwani mkubwa wake hakutaka kumwachilia. Badala ya kujibizana naye, alitunga wimbo wa kwaheri, "I Will Always Love You", akamwimbia ofisini. Wagoner alitokwa na machozi, akakubali aondoke. Wengi hudhani wimbo huo ni wa wapenzi wanaoachana. La hasha! Ni wimbo wa mfanyakazi anayemshukuru mwajiri wake na kushika njia yake. Ulifika nambari moja katika orodha ya nyimbo za kantri mwaka huo.

Muda si muda, habari zikamfikia kwamba Elvis Presley mwenyewe ameupenda wimbo huo na anataka kuurekodi. Katika siku hizo, kwa mtunzi yeyote wa Marekani, hiyo ilikuwa sawa na kualikwa ikulu. Lakini meneja wa Elvis, Kanali Tom Parker, akaleta sharti: Elvis hataurekodi mpaka Dolly akubali kukabidhi nusu ya haki za uchapishaji wa wimbo huo. Hilo lilikuwa desturi ya meneja huyo, na watunzi wengi walikuwa wamelikubali.

Dolly alikataa. Amesimulia kwamba alilia usiku kucha. Marafiki walimwona kuwa mpumbavu: nani humkatalia Elvis? Lakini tangu mwaka 1966, akiwa bado hajulikani, alikuwa ameanzisha pamoja na mjomba wake kampuni ya kuchapisha nyimbo, na alikwisha kutambua kwamba haki za nyimbo zake ndizo shamba lake. Mavuno ya msimu mmoja huliwa na kwisha, ilhali shamba hurithiwa. Nyimbo hizo, kwa maneno mengine, zilikuwa urithi wa jamaa zake.

Mwaka 1992 Whitney Houston aliurekodi wimbo uleule kwa ajili ya filamu "The Bodyguard". Ulikaa nambari moja katika orodha kuu ya Marekani kwa majuma 14 na kuzunguka dunia nzima. Kila ulipouzwa na kila ulipochezwa redioni, mtunzi alipata mrabaha wake. Usiku mmoja wa machozi ulilipwa kwa miaka mingi ya mavuno.

Msomaji ataniuliza: hayo yatufaa nini sisi? Nitamjibu kwa jina moja tu: "Malaika". Huo ni wimbo uliorekodiwa na Fadhili William, ukaimbwa na Miriam Makeba, ukaimbwa na kundi la Boney M, ukaimbwa katika harusi na hoteli za kila bara. Pengine hakuna wimbo wa Kiswahili uliosafiri mbali kuushinda. Hata hivyo, hadi leo watu hubishana juu ya nani hasa aliyeutunga, na ubishi huo haujapata kumalizika. Sitaki kuwa hakimu wa kesi hiyo. Ninachosema ni kwamba wimbo mkubwa kiasi hicho haukupaswa kuwa na shaka juu ya mwenyewe, na shaka hiyo ni hasara kwa yeyote aliyekuwa na haki yake.

Tofauti baina ya nyimbo hizi mbili haimo katika ubora wa sauti wala utamu wa maneno. Imo katika karatasi. Dolly Parton alikuwa na karatasi yenye jina lake, naye alijua kuisoma na kujua thamani yake. Watunzi wetu wengi wa zamani waliingia studio kwa kipaji kitupu, wakatia sahihi au alama ya dole gumba pale walipoonyeshwa, wakapewa fedha za mkupuo, wakaenda zao. Miaka ikapita, nyimbo zikawa na maisha marefu kuliko fedha zile. Kwa kweli, mtunzi asiyemiliki utungo wake ni kibarua katika shamba alilolima mwenyewe.

Sheria tunayo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda mtunzi wa muziki na maandishi katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kufa kwake. Tunayo pia bodi ya hakimiliki, ambako mtunzi aweza kuisajili kazi yake ili awe na ushahidi mkononi. Lakini sheria isiyojulikana na anayelindwa nayo ni taa iliyofunikwa chungu. Ni wanafunzi wangapi wanaotunga mashairi na nyimbo za tamasha za muziki na drama ambao wamewahi kuambiwa kwamba utungo ni mali? Kila mwaka nyimbo na michezo mizuri hutungwa shuleni, hushinda vikombe, vikombe huwekwa kabatini, na majina ya watunzi husahaulika kabla ya muhula kwisha.

Jambo la pili ni kitabu. Nilimwomba msomaji akumbuke kwamba Robert Lee Parton hakujua kusoma. Binti yake amesema mara nyingi kwamba baba huyo aliona aibu kwa upungufu huo, naye binti alitambua kwamba akili nyingi imefungiwa gizani kwa kukosa herufi. Alipofanikiwa, hakuridhika kumjengea babake nyumba na kunyamaza. Mwaka 1988 alianzisha wakfu katika wilaya yake ya Sevier ili kupunguza idadi ya wanafunzi walioacha shule. Mpango mmojawapo ulikuwa mwepesi hata wa kushangaza: wanafunzi wa madarasa ya saba na ya nane waliahidiwa dola 500 kila mmoja iwapo wangehitimu sekondari, nao walipangwa wawili wawili ili kila mmoja amchunge mwenzake asitoroke. Kwa mujibu wa wakfu huo, walioacha shule katika madarasa hayo walipungua kutoka asilimia 35 hadi asilimia 6.

Walimu watanielewa nikisema kwamba siri haikuwa fedha peke yake. Siri ilikuwa katika kuwafunga wawili kwa ahadi moja. Mtoto akiacha shule kwetu, aghalabu huondoka peke yake na kimya kimya. Dawati hubaki tupu, jina huitwa kwa majuma mawili, kisha huachwa. Kumpa kila mwanafunzi mwenzake wa kuulizana hali ni jambo ambalo halihitaji dola hata moja.

Mwaka 1995 alianzisha mpango mwingine, maktaba ya watoto iitwayo Imagination Library. Mtoto akisajiliwa tangu kuzaliwa hutumiwa kwa posta kitabu kimoja kila mwezi, bila malipo kwa wazazi, hadi atimize miaka mitano. Hivyo, kabla ya kuiona shule, mtoto aweza kuwa na vitabu 60 vyenye jina lake. Mpango ulianza katika wilaya moja ya milimani. Mwaka 2004 jimbo zima la Tennessee liliingia kwa kuchangia gharama, kisha ukavuka mipaka hadi Kanada, Uingereza, Australia na Ireland. Kufikia mwaka 2023 vitabu vilivyotolewa vilikuwa vimepita milioni 200. Mnamo 2018 kitabu cha milioni 100 kilikabidhiwa kwa Maktaba ya Bunge la Marekani. Babake, aliyefariki mwaka 2000, aliwahi kuuona mwanzo wa kazi hiyo, na inasemekana alijivunia zaidi kuwasikia watoto wakimwita bintiye "mama wa vitabu" kuliko kumwona akishangiliwa jukwaani.

Najua kuna watakaopinga. Wa kwanza atasema: huyo ni mtu mmoja aliyebahatika, na kwa kila Dolly mmoja wapo maelfu waliokwenda Nashville wakarudi mikono mitupu. Ni kweli. Sisemi kila mwenye sauti aifuate njia yake. Lakini hoja hiyo yanipa nguvu zaidi: maadamu wengi hawatafika kileleni, basi kile kidogo watakachotunga kisiporwe, na masomo yao yasikatizwe kwa tamaa ya jukwaa.

Wa pili atasema kwamba kulea elimu ni wajibu wa serikali, wala si hisani ya waimbaji. Nakubaliana naye kabisa. Tena mfano wenyewe wamuunga mkono: mpango wa vitabu ulienea Tennessee nzima pale jimbo lilipotia mkono mfukoni, na kila mahali hutegemea wenyeji wanaochangia. Hapa kwetu Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi serikali za kaunti jukumu la elimu ya chekechea. Kaunti zimejenga madarasa, na tunazishukuru. Je, ndani ya madarasa hayo mna vitabu vya hadithi vingapi vya Kiswahili na vya lugha za mama? Na nyumbani je? Kuna nyumba nyingi ambazo kitabu pekee kilichomo ni kile cha kiada, ambacho mtoto hukihusisha na mtihani na kiboko.

Wa tatu, na huyu humsikia sana katika vyumba vya walimu, atacheka mawigi makubwa na mapambo ya mwanamke huyo, aseme hafai kuwa kielelezo kwa wasichana wetu. Kwa huyo sina jibu refu. Mapambo yake aliyachagua mwenyewe, na nyuma ya mapambo hayo kulikuwa na mtu aliyeisoma mikataba yake mstari kwa mstari. Bora msichana mwenye wigi aliyeshika kalamu kuliko aliye nadhifu asiyejua alichokitia sahihi.

Wakati umetufaa. Katika mtaala mpya, mojawapo ya njia tatu za shule za upili za juu ni ile ya Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kwa mara ya kwanza kijana aweza kuufuata muziki au uigizaji bila kuonekana ameshindwa na masomo. Lakini tukimfundisha noti na sauti bila kumfundisha mkataba, tutakuwa tunamnoa panga ili wengine wakavune.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, kila mwalimu anayesimamia utungaji wa wimbo, shairi au mchezo ahakikishe kwamba karatasi ya kazi hiyo ina jina la mtunzi na tarehe, na nakala imehifadhiwa shuleni. Gharama yake ni wino tu. Pili, somo la hakimiliki lifundishwe angaa kwa vipindi vichache katika darasa la muziki na la fasihi, kwa mifano ya nyumbani. Tatu, serikali za kaunti zikishirikiana na wachapishaji wetu, makanisa, misikiti na vyama vya ushirika ziwape watoto wa chekechea vitabu vya kumiliki, wavipeleke nyumbani, wavichafue kwa kuvisoma.

Nanyi wanafunzi, andikeni. Mkikosa karatasi, andikeni juu ya risiti. Mkisha kuandika, tieni majina yenu. Na siku atakapokuja mtu mkubwa mwenye ahadi kubwa, akataka nusu ya mlichokitunga kabla hajafanya lolote, mwombeni muda wa kuisoma karatasi yake.